Habari za Uhuru, Chombo Kilichotazama Mbingu Zisizoonekana

Kaskazini ya mji wa Malindi, pale pwani inapojipinda na kuifanya ghuba ambayo Wareno waliiita Formosa na watu wa kwetu huiita Ungwana, kuna rasi ya mchanga na mikoko iitwayo Ngomeni, ambayo wavuvi wake tangu zama za zamani walizitazama nyota si kwa mapenzi ya elimu bali kwa haja ya kurudi nyumbani salama. Mbele ya rasi hiyo, kilomita chache baharini, yalisimamishwa katika miaka ya 1960 majukwaa ya chuma yenye miguu mirefu iliyokitwa mchangani chini ya maji, ambayo mgeni akiyaona kwa mbali alidhani ni mitambo ya kuchimbia mafuta. Wala dhana yake haikuwa mbali na kweli, kwa kuwa mojawapo lilianza maisha yake katika kazi hiyo hiyo kabla ya kubadilishiwa shughuli. Kutoka hapo, mchana wa tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo nchi ya Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya kujitawala, roketi iliruka ikiwa imebeba kichwani mwake chombo kisichozidi uzito wa watu wazima wawili, na chombo hicho kikapewa jina moja tu, tena la Kiswahili: Uhuru. Habari zake ndizo ninazokusudia kuzieleza hapa, maana vitabu vya elimu ya falaki vya mataifa mengi huzitaja, ilhali katika lugha iliyolitoa jina lenyewe zimesimuliwa kwa uchache mno.

Pwani hii haikuwa ngeni kwa elimu ya nyota. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, alichokihitaji kuliko maji na matunda kilikuwa ni rubani ajuaye njia ya Bara Hindi, naye akapewa, akavushwa bahari. Lakini nyota za rubani yule, na za wanajimu waliozihesabu buruji kumi na mbili tangu Hamali hadi Hutu, na hata zile alizozigundua Galileo kwa darubini yake, zote zilikuwa ni nyota za jicho. Na jicho la mwanadamu limejaaliwa kupokea sehemu ndogo sana ya nuru iliyopo, mithili ya msikilizaji ambaye katika nyuzi zote za udi husikia uzi mmoja tu, akadhani kwamba huo ndio wimbo mzima. Mfua chuma anaujua mwanzo wa jambo hili bila kufundishwa shuleni: chuma kikipata moto kidogo huwa chekundu, kikizidi huwa cha manjano, kikizidi tena huwa cheupe, kwa kuwa kila joto lipandapo nuru nayo hubadilika, mawimbi yake yakawa mafupi zaidi. Uso wa Jua una joto la kadiri ya digrii 5,500, na nuru yake ni hii tunayoijua. Sasa mtu auchukue moto ule, auzidishe mpaka ufike digrii milioni nyingi, nao utatoa nuru ambayo jicho haliioni kabisa, ile aliyoigundua Wilhelm Röntgen katika mji wa Würzburg mwezi wa Novemba 1895, ambayo waganga huitumia kutazamia mifupa iliyovunjika na sisi sote huiita eksirei.

Kwa hiyo mtu atakaye kujua kama mbinguni mna mahali penye moto wa kadiri hiyo hana budi azitafute eksirei. Ajabu ni kwamba nuru hii ipenyayo nyama ya mwili haiwezi kuipenya hewa tunayoivuta, maana hewa ikilundikana kilomita kwa kilomita huwa ni ukuta mnene kuliko bamba la risasi la hospitali, na kwa rehema hiyo viumbe vya dunia vimesalimika. Rehema kwa viumbe, lakini pazia kwa wataalamu. Asiyeweza kukitoa chombo chake nje ya hewa hataona kitu, ajapojenga darubini kubwa kama msikiti wa ijumaa.

Vita vikuu vya pili vilipokwisha, Wamarekani walizichukua roketi za V-2 zilizotengenezwa na Wajerumani kwa ajili ya kuibomoa miji, wakazipeleka katika jangwa la New Mexico, na baadhi yake wakazitia vyombo vya elimu mahali pa baruti. Mwaka 1949 Herbert Friedman na wenziwe wa maabara ya jeshi la majini walithibitisha kwa njia hiyo kwamba Jua hutoa eksirei. Habari hiyo ilifurahisha na kukatisha tamaa kwa pamoja, kwani eksirei za Jua ni kidogo sana zikilinganishwa na nuru yake nyingine, na mtu akipiga hesabu ya kulihamisha Jua mpaka mahali pa nyota nyingine, aliona kwamba hakuna chombo cha wakati ule ambacho kingeweza kuzinasa. Wengi wakaamua kwamba upande huo hauna riziki.

Mmoja asiyekubaliana nao alikuwa Bruno Rossi, mzaliwa wa Venice, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Padua mpaka mwaka 1938, serikali ya Mussolini ilipotunga sheria za kuwabagua Mayahudi ikamfukuza kazini, naye akahamia Copenhagen, kisha Manchester, hata akafika Marekani na kuwa mwalimu katika chuo kikuu cha ufundi cha Massachusetts. Rossi hakuwa na ushahidi wowote kwamba nyota zina eksirei za kuonekana kwa mbali. Alikuwa na itikadi tu, kwamba maumbile yana mengi kuliko yale yanayofikiriwa na watu, na kwamba palipofunguliwa mlango mpya hapakosi kitu nyuma yake. Mwaka 1959, katika karamu nyumbani kwake, alilitaja wazo hilo kwa kijana wa Kiitalia mwenye miaka 28, Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyesomea Milan, ambaye alikuwa ameajiriwa punde katika kampuni moja ndogo ya utafiti mjini Cambridge, Massachusetts. Giacconi alikuwa mtu wa pupa na ulimi mkali, hodari wa kuamrisha, asiyeweza kustahimili uzembe. Na nadhani kazi hii isingalitimia kwa mtu mpole.

Ombi lake la kutafuta eksirei za nyota lilikataliwa kwanza na mamlaka ya anga ya Marekani. Fedha zikatoka kwa jeshi la anga, na shabaha iliyoandikwa ilikuwa ni Mwezi: kutazama kama miale ya Jua ikiupiga uso wa Mwezi itaamsha eksirei huko. Roketi ya kwanza iliharibika. Ya pili, mwezi wa Oktoba 1961, iliruka barabara, ikapanda, ikafika juu, na milango iliyokuwa ifunguke ili vyombo vichungulie nje ikakataa kufunguka. Ya tatu iliondoka New Mexico usiku wa tarehe 18 Juni 1962, dakika moja kabla ya usiku wa manane, ikapanda kadiri ya kilomita 225, ikizunguka kama pia mara mbili kwa kila sekunde, na kwa muda usiofika dakika sita vihesabio vyake, viwili kati ya vitatu, viliweza kuitazama mbingu. Muda huo mfupi ulitosha kuibadilisha elimu ya falaki. Eksirei zilionekana, tena kwa wingi usiotarajiwa na yeyote, lakini hazikutoka mwezini. Zilitoka upande wa buruji ya Akarabu, ile ambayo wengine huiita Nge, na zaidi ya hizo palikuwa na mng'ao hafifu uliotapakaa pande zote za mbingu. Giacconi na wenziwe walikaa miezi wakilitafuta kosa katika kazi yao wenyewe, wasilione, na ndipo mwishoni mwa mwaka wakaitangaza habari hiyo.

Kitu kile cha Akarabu kikaitwa Sco X-1. Darubini za kawaida zilipokuja kukitambua mwaka 1966, kilionekana kama nyota hafifu isiyo na sifa, ambayo mtazamaji angeipita bila kuiangalia mara ya pili; na kumbe nyota hiyo fakiri hutoa katika eksirei nguvu mara elfu kuliko ile itoayo katika nuru ya macho. Jua letu ni kinyume chake kabisa. Basi hapa palikuwa na jamii ya vitu vya mbinguni ambavyo hakuna aliyewahi kuviwaza, na swali likawa: ni moto gani huu, na kuni zake zatoka wapi?

Jawabu lilikuwa limekwisha kuandikwa nusu yake, tena na mtu aliyelipata akiwa safarini. Mwaka 1930 kijana wa Kihindi mwenye miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, alipanda meli kwenda Uingereza kusoma, na katika siku zile ambazo abiria wengine hulala au kucheza karata, yeye alipiga hesabu za nyota iliyokwisha kuungua. Nyota, kama ajuavyo msomaji, husimama kwa mizani ya nguvu mbili: uzito wake mwenyewe huivuta ndani, na joto la moto wake huisukuma nje. Moto ukizimika, uzito hubaki peke yake na nyota hujikunja. Chandrasekhar aliona kwamba nyota iliyokufa ambayo uzito wake umezidi kadiri ya Jua moja na nusu kasorobo hivi haiwezi kutulia katika hali ya mabaki madogo meupe yaliyokuwa yakijulikana, bali itaendelea kujikunja. Mwaka 1935 bingwa mkubwa wa zama hizo, Arthur Eddington, alimkejeli hadharani mjini London, akasema kwamba lazima pawe na kanuni ya maumbile inayoizuia nyota isifanye upuuzi wa namna hiyo. Heshima ya Eddington ilikuwa kubwa kuliko hoja yake, na jambo likalala. Lakini hesabu hazikuwa na kosa. Baadhi ya nyota hujikunja mpaka zikawa nyota za nyutroni, zenye upana wa kilomita 20 hivi, ambao ni kama masafa ya kutoka Malindi hadi Watamu, na uzito wa Jua zima ndani yake. Na zilizo nzito kuliko hizo, Robert Oppenheimer na mwanafunzi wake walionyesha mwaka 1939, hazina pa kusimama, zitajikunja mpaka mvutano wao uzuie hata nuru isitoke. Hilo ndilo lililokuja kuitwa shimo jeusi.

Sasa kitu kikianguka juu ya nyota ndogo na nzito namna hiyo, huanguka kwa kasi ambayo ni sehemu kubwa ya ile ya nuru, na mwanguko huo hugeuka joto, kama vile nazi iangukayo kutoka kileleni mwa mnazi inavyotua kwa kishindo kuliko ile iliyodondoka mkononi mwa mtoto. Ikiwa nyota ndogo ina jirani mkubwa aliye karibu, itamfyonza hewa yake, na hewa ile itazunguka kama maji yaingiayo tunduni, ikisuguana na kupata moto wa mamilioni ya digrii kabla ya kumezwa. Iosif Shklovsky wa Urusi aliyaandika haya juu ya Sco X-1 mwaka 1967. Ila kuandika ni jambo moja na kuthibitisha ni jambo la pili, na katika dakika tano za roketi hakuna kinachoweza kuthibitishwa: mtazamaji hupata mkupuo mmoja wa jicho, kisha chombo chaanguka jangwani. Hata mwisho wa miaka ile ya 1960, jumla ya vitu vilivyojulikana kutoa eksirei ilikuwa takriban 30, na baadhi yake wataalamu walikuwa wakibishana kama vipo au havipo.

Giacconi alikuwa ameiandikia mamlaka ya anga tangu mwaka 1963 akiomba setilaiti, kitu kitakachokaa juu miezi na miaka, kikiizunguka dunia na kuipekua mbingu pembe kwa pembe. Safari hii alikubaliwa. Lililobaki ni mahali pa kukirushia.

Na hapa ndipo hadithi inaporudi pwani. Luigi Broglio, mhandisi na ofisa wa jeshi la anga la Italia, mwalimu wa chuo kikuu cha Roma, alikuwa na haja ya kuipatia nchi yake njia ya kwenda angani bila ya kuwa na fedha za madola makubwa, na akili yake ikamwelekeza kwenye mstari wa Istiwai. Dunia izungukapo, mtu aliye katika mstari huo, yaani Ikweta, huchukuliwa kuelekea mashariki kwa mwendo wa kilomita 1,670 kwa saa bila kuhisi kitu, na roketi iondokapo hapo hupewa mwendo huo bure, kama mashua iliyopata mkondo; kwa hiyo roketi ndogo na rahisi hubeba mzigo ambao mahali pengine ungehitaji roketi kubwa zaidi. Ghuba ya Ungwana iko chini ya nyuzi tatu kusini ya Ikweta, na mashariki yake ni bahari tupu, hakuna mji wa kuangukiwa na mabaki. Broglio akayakokota majukwaa yake mpaka huko: San Marco, lililokuwa na reli na mnara wa kurushia, na Santa Rita, walimokaa waongozaji wakiunganishwa na jirani yao kwa nyaya zilizopita baharini. Roketi ndogo za majaribio zilirushwa hapo mwaka 1964, na tarehe 26 Aprili 1967 ikaruka setilaiti ya Italia, San Marco 2, ambayo kabla yake hakuna setilaiti iliyowahi kurushwa kutoka baharini.

Kwa Giacconi, Ikweta ilikuwa na fadhila ya pili. Dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye umeme, ambayo juu ya bahari ya Atlantiki ya kusini hushuka chini sana, na chombo kipitacho humo vihesabio vyake hujaa makelele, mfano wa mtu anayejaribu kusikiliza mnong'ono sokoni. Setilaiti iliyorushwa kutoka Malindi ingezunguka juu ya Ikweta karibu sawasawa, ikaikwepa sehemu mbaya ya mikanda hiyo. Ndiyo kusema kwamba Kenya haikuchaguliwa kwa hisani. Ilichaguliwa kwa sababu kazi hii isingefanyika vizuri mahali pengine.

Chombo chenyewe kilikuwa na uzito wa kilogramu 141 na nusu hivi, na mabawa manne ya kunasia nuru ya Jua kwa ajili ya umeme. Hakikuwa na kioo wala lenzi, maana eksirei hazipindiki kwa lenzi. Kilikuwa na visanduku viwili vya gesi, kimoja kila upande, mbele yake vikiwa na vimirija vya chuma vilivyokata mtazamo: upande mmoja ukiona kipande kipana cha mbingu, upande wa pili ukiona ufito mwembamba wa nusu ya nyuzi. Kila mwale wa eksirei uliopita katika mirija na kuingia kwenye gesi uliamsha cheche ndogo ya umeme, na cheche hizo zilihesabiwa. Chombo kilijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika 12, kikiifagia mbingu kwa utulivu wa mfagiaji asiye na haraka. Hayo tu, na katika hayo kulikuwa na uvumilivu wa mtazamo ambao roketi zote za miaka minane hazikuweza kuufikia.

Msimamizi wa kazi nzima upande wa serikali ya Marekani alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, mhandisi wa umeme, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa nchi ile kukabidhiwa usimamizi wa setilaiti. Katika makaratasi chombo kiliitwa kwa herufi na tarakimu. Ni yeye Townsend aliyekipa jina la Uhuru, kwa heshima ya siku iliyoadhimishwa na nchi iliyowakaribisha. Sipendi kulitia jina hili chumvi kuliko linavyostahili. Chombo kilitengenezwa Marekani, kikarushwa na Waitalia, na hesabu zake zikasomwa Massachusetts. Wenyeji wa Ngomeni waliona moshi na wakasikia mngurumo, na elimu iliyotokana nao haikurudi kwao. Lakini jina si kitu kidogo. Kwa desturi ya wataalamu wa falaki, jina likishaandikwa katika daftari halifutiki, na lugha nyingi zenye wasemaji wengi kuliko sisi hazijapata kuandikwa mahali pale.

Roketi ya Scout, yenye ngazi nne za baruti ngumu, ikafanya kazi yake. Chombo kikaingia katika njia yake juu kidogo ya kilomita 500, kikiizunguka dunia kwa dakika 96, na siku chache baadaye hesabu zikaanza kumiminika.

La kwanza lililowashangaza lilitoka katika kundinyota la Centaurus. Kitu kiitwacho Cen X-3 kilionekana mwezi wa Januari 1971 kikipiga kama moyo, pigo moja kila sekunde 4.8, bila kukosea. Mapigo ya nyota hayakuwa mapya, kwani Jocelyn Bell alikwisha kuyagundua katika mawimbi ya redio mwaka 1967, na ilikuwa imefahamika kwamba hayo ni ya nyota za nyutroni zizungukazo na kupungua mwendo kidogo kidogo zikila akiba yao. Lakini mapigo ya Cen X-3 yalikuwa na mambo mawili ya ajabu. Kwanza, yalikaribiana kisha yakaachana, kwa utaratibu uliojirudia kila siku mbili na saa mbili, kama honi ya basi ambayo sauti yake hupanda likija na kushuka likienda. Na katika kila mzunguko nuru ilizimika karibu nusu ya siku nzima, kisha ikarudi. Ethan Schreier na wenziwe walipoyaweka hayo pamoja, picha ikawa dhahiri: kitu kidogo kinaizunguka nyota kubwa, na kikipita nyuma yake hujificha. La pili lilionekana kwa muda mrefu zaidi. Mwendo wa mapigo haukuwa ukipungua bali ukiongezeka mwaka hata mwaka. Nyota ile haikuwa ikila akiba yake, ilikuwa ikilishwa. Hewa ya jirani ilikuwa ikiiangukia na kuizungusha kwa kasi zaidi, kama maji yanavyolisukuma gurudumu la kinu. Hivyo swali la kuni lililoulizwa mwaka 1962 likapata jawabu: kuni ni mwanguko wenyewe, mvutano uliogeuzwa moto, nao hutoa nguvu nyingi kuliko moto wa atomi unaoliwasha Jua.

Habari ya pili ilitoka katika kundinyota la Cygnus, ambalo Waarabu wa kale waliliita Kuku, na ndiyo maana nyota yake kubwa huitwa Deneb hata leo, yaani mkia. Humo mlikuwa na kitu kilichokwisha kuonekana na roketi tangu mwaka 1964, Cyg X-1, na Uhuru ilipokitazama, hakikuonyesha mapigo yenye mpango bali kilipepesuka ovyo, kikiwaka na kufifia ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Katika elimu hii kuna kanuni nyepesi yenye nguvu: kitu hakiwezi kubadilika kizima kwa haraka kuliko muda ambao nuru huchukua kukipita kutoka upande hata upande. Kitu kinachobadilika kwa haraka namna ile kilikuwa lazima kiwe kidogo sana, kidogo kuliko nyota yoyote ya kawaida. Mwezi wa Machi 1971 eksirei zake zikapungua ghafla, na wakati ule ule darubini za redio za Uholanzi na Marekani zikaona cheche ya redio ambayo haikuwapo hapo kabla. Redio huonyesha mahali kwa usahihi kuliko eksirei za wakati ule, na mahali palipoonyeshwa palikuwa na nyota kubwa ya buluu iliyoandikwa katika daftari kwa jina la HDE 226868.

Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton aliyekuwa akifanya kazi peke yake mjini Toronto, waliipima nuru ya nyota hiyo ya buluu usiku baada ya usiku, wakaona kwamba inayumba huku na huku kila siku 5.6, kama mtu mnene achezaye na mwenziwe aliyefichwa gizani: mwenziwe haonekani, lakini kwa mnene anavyovutwa mtu atakisia uzito wa asiyeonekana. Wakaukisia, nao ukapita kadiri ambayo nyota ya nyutroni inaweza kuistahimili. Mwanzoni mwa mwaka 1972 wakaandika, kwa hadhari ya wataalamu, kwamba huenda hilo ni shimo jeusi. Hadhari hiyo ilikuwa na haki yake, kwa kuwa katika zama hizo wengi bado waliona kwamba mashimo hayo ni mchezo wa hesabu tu. Mwanafizikia Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenziwe Kip Thorne mwaka 1974 kwamba Cyg X-1 si shimo jeusi, ingawa yeye mwenyewe alitamani liwe. Mwaka 1990 akakubali kwamba ameshindwa, akalipa dau, ambalo lilikuwa ni jarida la mwaka mzima la namna ambayo adabu hainiruhusu kulitaja. Vipimo vya siku zetu huonyesha kwamba shimo hilo lina uzito wa Majua 21 hivi, na umbali wake kutoka kwetu ni zaidi ya miaka 7,000 ya nuru.

La tatu halina hadithi ya kusisimua, na pengine ndilo kubwa kuliko yote. Galaksi, ambazo kila moja ni jeshi la nyota kwa mabilioni, aghalabu hukaa kwa makundi, na watu walidhani kwamba baina yao pana utupu. Uhuru ilipoyatazama makundi kama lile la Coma na la Perseus, ilikuta utupu ule una nuru: eksirei zilitoka katika anga nzima ya kundi, si katika galaksi hii au ile, kwa kuwa galaksi zile zimezama katika bahari ya gesi nyembamba yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Hesabu za baadaye zilionyesha kwamba katika makundi makubwa gesi hiyo ina uzito kuliko nyota zote za galaksi zake zikijumlishwa. Yaani mpaka wakati ule, watazamaji wa makundi hayo walikuwa wakivihesabu visiwa, na bahari yenyewe hawakuiona.

Mtambo wa kunasia hesabu ndani ya chombo uliharibika baada ya wiki chache, na tangu hapo habari zikawa zinapokewa papo kwa papo, pale tu chombo kilipopita juu ya kituo. Hata hivyo kiliendelea hadi mwezi wa Machi 1973, kikanyamaza, na mwaka 1979 kikarudi katika hewa ya dunia kikaungua. Giacconi alipewa nishani ya Nobel mwaka 2002. Darubini kubwa ya eksirei aliyoiomba tangu mwaka 1963 ilikuwa imekwisha kurushwa mwaka 1999, nayo ikaitwa Chandra, kwa jina la yule kijana wa Kihindi aliyepiga hesabu zake melini. Majukwaa ya Ungwana yaliendelea kurusha setilaiti, za Waitalia, za Wamarekani na za Waingereza, mpaka mwaka 1988, kisha yakaachwa kwa kutu na ndege wa baharini.

Daftari ya mwisho ya Uhuru ilitoka mwaka 1978, toleo la nne, ikiwa na vitu 339. Kila kimoja kimepewa jina linaloanza na tarakimu 4, ambayo ni toleo, kisha herufi U, kisha tarakimu za mahali kilipo mbinguni. Wakati wa kusi, Akarabu inapopanda usiku juu ya ghuba, katika upande wake wa mkia mna nyota moja ya buluu ambayo jicho tupu laweza kuikosa na darubini ndogo haiikosi; mwenziwe asiyeonekana huizunguka kwa siku tatu na saa chache, akiwaka kwa eksirei. Jina lake ni 4U 1700-37. Wataalamu wa Tokyo, wa Leiden na wa Cambridge hulitaja katika mikutano yao kila mwaka, na herufi ile huitamka "yu", kama Waingereza.